Beba sumaku unapokwenda kununua chupa ya maji ya chuma

Ukienda soko la Mwanjelwa kutafuta chupa ya maji ya kudumu ili uachane na zile za plastiki, ambazo hapa Mbeya tunazijaza maji ya moto asubuhi za Juni na Julai mpaka zinajikunja, beba sumaku ndogo, hata ya spika ya redio mbovu, uifunge uzi, kisha uiguse ubavuni mwa chupa na kuishusha ndani. Chuma cha pua kinachofaa kwa vyombo vya chakula, kile chenye alama ya 304 au 18/8, yaani kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, kwa kawaida hakivutwi na sumaku, kwa sababu nikeli hubadilisha mpangilio wa atomi zake. Kinachonasa kwa nguvu mara nyingi hakina nikeli ya kutosha, nacho hushika kutu mapema. Mvuto hafifu shingoni usikutishe, kwani hata chuma kizuri hupata usumaku kidogo kinapokunjwa kikiwa baridi. Kipimo hiki hushindwa mahali pawili. Aluminiamu haivutwi, ingawa utaitambua kwa wepesi wake, na ndani hupakwa utando ambao ukichubuka chupa haifai tena. Chuma cha daraja la 201, ambacho sehemu ya nikeli yake imebadilishwa kwa manganisi, nacho hupita bila kunaswa. Hapo hutegemea alama iliyogongwa kitakoni, na isipokuwepo, mimi huirudisha chupa hata muuzaji akishusha bei.