Mtindi wenye bakteria hai, na chakula cha wale walio tumboni

Seli nyingi za kinga zimekaa kwenye ukuta wa utumbo. Kati yao na bakteria wanaoishi ndani ya utumbo kuna ute na safu moja tu ya seli. Bakteria wakila nyuzinyuzi, sehemu ya mimea ambayo mwili hauwezi kumeng'enya, hutoa butireti, asidi inayolisha safu hiyo na kusaidia seli zinazotuliza kinga isifanye fujo. Wakikosa nyuzinyuzi, baadhi yao huugeukia ute.

Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha jaribio la watu wazima 36, kwa wiki 10. Waliokula vyakula vilivyochachushwa walipata aina nyingi zaidi za bakteria, na protini 19 zinazoashiria uvimbe unaotokana na kinga kuchachamaa zilipungua. Mtindi ndio rahisi kuanza nao.

Chemsha maziwa lita 1, kisha yaache kwenye moto mdogo dakika 10 huku ukikoroga. Mtindi utakuwa mzito. Usiruke hatua hii kwa maziwa mabichi, maana yanaweza kuwa na brusela, bakteria wa mifugo wanaougua watu pia. Yapoze hadi nyuzi joto 43 za Selsiasi hivi. Huna kipimajoto? Dondoshea matone ndani ya kiwiko: uyahisi ya vuguvugu, yasichome. Koroga vijiko 2 vya chakula vya mtindi usiotiwa sukari, funika, zungushia blanketi, usiutikise kwa saa 6 hadi 8. Ukishaganda weka kwenye friji.

Usipoganda, mara nyingi mbegu, yaani ule mtindi wa vijiko 2, ilitiwa maziwa yakiwa ya moto mno ikafa, au mtindi wa dukani ulipashwa moto baada ya kugandishwa, kwa hiyo hauna kitu hai. Ukijitenga maji, uliachwa muda mrefu au kwenye joto kali, unaliwa tu. Ukiona ukungu au rangi ya waridi, mwaga wote. Na usiuchemshe: utaua ulichokifuga.

Mtindi peke yake hautoshi, kwa kuwa hauna nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani linataka angalau gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Kikombe cha maharage yaliyopikwa hutoa karibu 15. Anza na nusu kikombe kwa siku wiki nzima, la sivyo gesi itakukatisha tamaa.

Ukiwa kwenye doksisaikilini au siprofloksasini, ambazo ni dawa za kuua bakteria, usinywe dawa pamoja na mtindi: kalsiamu huishika dawa isifyonzwe. Acha angalau saa 2 katikati. Mwenye kinga dhaifu sana, kama anayepata tibakemikali (dawa za saratani), amuulize daktari kwanza.