Mti wa Krismasi: ukate tarehe 20, uutoe 6 Januari

Kwa wanaopamba nyumba kwa saipresi mbichi hapa Nakuru: usiukate mwanzoni mwa Desemba. Subiri hadi tarehe 20 hivi, na kabla tu ya kuusimamisha kwenye ndoo, kata tena sentimita 2 au 3 za shina, uutie majini papo hapo. Utomvu huziba mkato upesi, na ukishaziba mti haunywi tena hata ndoo ikijaa pomoni. Weka mawe ndoo isiyumbe, uongeze maji kila asubuhi. Siku ya kwanza hunywa kwelikweli. Ukitunzwa hivyo unaweza kufika 6 Januari, sikukuu ya Epifania, ambapo kwa desturi mapambo hushushwa. Lakini usitegemee kalenda peke yake. Pinda kitawi: kikivunjika kwa mlio, utoe mti siku hiyo hiyo, maana saipresi kavu hushika moto haraka mno, na stima ikipotea wengi wetu huwasha mishumaa. Mbinu hii haisaidii tawi lililoshinda juani kando ya barabara likingoja mnunuzi. Na Kisumu, kwenye nyumba ya mabati isiyo na dari, joto huukausha mti mapema. Huko kata tarehe 23.