Kiwiko cha Mcheza Tenisi: Namna ya Kukirudisha Uwanjani

Wagonjwa wengi wenye tatizo hili hawanijii wakilalamikia raketi. Husema kwamba wameshindwa kuinua chupa ya chai. Maumivu hukaa upande wa nje wa kiwiko, penye kifupa kilichochomoza, na chanzo chake ni kano za misuli inayoinua kifundo cha mkono, ambazo zimebebeshwa kazi kuliko uwezo wake. Bekihendi ya mkono mmoja, yaani pigo ambalo mgongo wa mkono hutangulia, huzichosha sana, ingawa nimewatibu pia mafundi rangi ambao hawajawahi kugusa raketi.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha tatizo. Nyosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini, kunja ngumi, kisha jaribu kuiinua huku mkono wa pili ukiizuia. Maumivu yakichoma palepale kwenye kifupa, endelea. Ukiwa na ganzi vidoleni, uvimbe, kiwiko kinachokwama, au maumivu yanayoanzia shingoni, usijitibu; nenda ukapimwe.

Hatua ya pili ni kupunguza mzigo bila kuulaza mkono kabisa, kwa kuwa kano isiyofanya kazi huzidi kudhoofika. Acha bekihendi na sevu, yaani pigo la kuanzisha pointi, kwa muda, na unapobeba kitu, geuza kiganja kitazame juu. Dawa ya kuchua hutuliza tu. Sindano ya steroidi huleta nafuu ya wiki chache, lakini tafiti zimeonyesha kwamba waliochomwa hurudiwa na maumivu zaidi kuliko wasiochomwa, na kwa sababu hiyo mimi siipendekezi mwanzoni.

Hatua ya tatu ndiyo tiba yenyewe. Kaa kitini, laza kigasha chote mezani, kiganja kikitazama chini na kifundo kikiwa nje ya ukingo, ukishika chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa, ambayo ina uzito wa karibu nusu kilo. Kwa wiki moja au mbili za mwanzo, ishikilie ikiwa imelingana na meza kwa sekunde 30 hadi 45, pumzika dakika mbili, na urudie mara 5. Baadaye, mkono usiouma uinyanyue chupa, kisha unaouma uishushe peke yake kwa sekunde 4. Fanya hivyo mara 15 kwa seti 3, ukiruka siku moja kati ya zoezi na zoezi. Wengi huharibu hapa: huiachia chupa ianguke, nao huita huko kushusha. Katika kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yasiyozidi 4 hayadhuru, mradi yawe yametulia kufikia asubuhi inayofuata. Yasipotulia, punguza maji kwenye chupa.

Hatua ya nne, kagua raketi. Ukiishika, kidole cha shahada cha mkono wa pili kienee kati ya ncha za vidole na tako la kiganja. Nyuzi za raketi za poliesta ni ngumu. Omba fundi akuwekee laini zaidi, au apunguze mkazo wake kwa kilo moja hivi. Mipira iliyolowa huwa mizito, kwa hiyo iache.

Hatua ya mwisho, ambayo kwa kawaida hufika baada ya wiki 6 hadi 12, ni kurudi uwanjani. Anza na fohendi, yaani pigo ambalo kiganja hutangulia, kwa dakika 20, ukiucheza mpira mbele ya mwili. Wiki inayofuata ongeza bekihendi ya mikono miwili, na sevu uiache mpaka uweze kumimina chai kutoka kwenye chupa iliyojaa bila kukunja uso.