Mtwara hadi Lindi kwa baiskeli ya mbio: angalia upepo kwanza

Kutoka Mtwara mjini hadi Lindi mjini ni karibu kilomita 110 za lami, na njia ni moja. Unapita Mikindani, unaingia bara kidogo katikati ya mikorosho na vijiji, unavuka mto Lukuledi, unafika njia panda ya Mingoyo. Hapo kushoto ni Masasi, kulia ni Lindi. Mwenye mazoezi ya kawaida huimaliza kwa saa tano au sita za kukanyaga. Hakuna mlima wa kutisha, lakini barabara inapanda na kushuka kiasi cha kuichosha miguu isiyojipanga, na kinachoamua utafika ukiwa na hali gani ni upepo.

Juni hadi Septemba ni miezi ya kusi. Mvua zimekwisha, joto limepungua, na upepo unatoka kusini na kusini-mashariki. Katika miezi hiyo toka Mtwara uende Lindi. Upepo utakusukuma mgongoni na bega la kushoto hadi Mingoyo, na ukikata kulia kuelekea Lindi utahamia bega la kulia, bado ukitokea nyuma. Ukigeuza safari, Lindi kwenda Mtwara, utaupokea usoni kuanzia Mingoyo, kilomita zaidi ya 80, na mchana unavyosogea ndivyo unavyozidi kuvuma. Ni safari ileile kwenye ramani, lakini mwili utalipa mara mbili.

Kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, ni kinyume. Hapo anzia Lindi: kilomita 20 na kitu za mwanzo hadi Mingoyo upepo uko nyuma, kisha unakupiga ubavu wa kushoto. Ila miezi hiyo ndiyo ya mvua za huku kwetu, na ndiyo malori ya korosho yanakimbizana kwenda bandarini Mtwara. Kama una hiari, ngoja kusi.

Msimu wowote, ondoka saa 12 kasorobo, taa nyekundu ikiwaka nyuma. Hadi saa 4 asubuhi uwe umemaliza kilomita 65 au 70. Baada ya hapo jua la huku halina huruma.

Tairi, tyubu na pancha

Tairi la upana wa milimita 23 au 25 liache nyumbani. Lami ina sehemu zilizochakaa na kila kijiji kina matuta. Tumia milimita 28, au 32 kama fremu inaruhusu. Kwa mtu wa kilo 70, tairi la 28 lijaze psi (kipimo cha upepo wa tairi) 70 mbele na 75 nyuma; la 32 lijaze 55 mbele na 60 nyuma. Kujaza hadi liwe gumu kama jiwe hakuongezi mwendo kwenye lami ya kukwaruza. Kunakurusharusha tu na kuchosha mikono.

Tyubu ndiyo inayowakwamisha wageni. Mafundi wa vijijini wana tyubu za baiskeli za mzigo, inchi 26 na 28, zenye valvu nene inayohitaji tundu la milimita 8.5 hivi kwenye rimu. Rimu nyingi za mbio zina tundu la milimita 6.5 hivi, kwa valvu nyembamba ndefu. Valvu nene haipiti. Hata ikipita, tyubu yenyewe ni pana mno: ndani ya tairi jembamba inajikunja, na penye mkunjo ndipo itakapopasuka. Kwa hiyo beba tyubu mbili zako, viraka sita, solusheni, msasa, vijiti viwili vya plastiki vya kutolea tairi, na pampu ya mkono. Bisibisi na kijiko cha chai viache. Vitatoa tairi, ndiyo, na vitatoboa tyubu ya pili.

Pancha ikitokea, weka cheni kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma ndipo utoe gurudumu. Kabla ya kuchomoa tyubu, kumbuka valvu ilikaa upande gani wa tairi. Jaza tyubu upepo, ipitishe karibu na shavu hadi usikie ubaridi. Kisha ilaze juu ya tairi, valvu mahali pake, uone tundu linaangukia wapi. Tundu moja la nje ni mwiba au kipande cha waya, na mara nyingi bado kimo. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, kitanasa. Kidole kikitangulia kitachanika. Matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka maana yake ulipiga tuta tairi likiwa na upepo mdogo. Tundu la upande wa ndani maana yake utepe wa rimu umesogea na kichwa cha spoki kinachoma. Usiporekebisha utepe, tyubu mpya haitafika mbali.

Kiraka hubanduka kwa haraka ya mpakaji. Kwangua mpaka mng'ao uondoke, paka solusheni nyembamba kupita ukubwa wa kiraka, halafu ngoja dakika tano, hadi iwe kavu kwa macho na ukigusa pembeni haivuti uzi. Ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu kuanzia katikati kwenda nje. Ukibandika ikiwa mbichi, joto la lami litaibandua.

Gia: mbele meno 34, nyuma meno 30 au 32 kwa gia nyepesi kabisa. Inatosha.

Barabarani

Mikindani ni kilomita 10 hivi kutoka Mtwara, na inafaa kupunguza mwendo. Ghuba iko kandokando yako, mikoko inaonekana, na juu mlimani limesimama boma la Wajerumani la mwaka 1895. Livingstone aliingia bara kupitia mji huu mwaka 1866. Piga picha zako hapa, kwa sababu baada ya Mikindani bahari inapotea kwa muda mrefu, hadi ukaribie Lindi.

Sehemu inayotaka macho ni Mikindani hadi Mingoyo. Saruji inatoka Mtwara, makaa ya mawe yanakuja kutoka Ruvuma kwenda bandarini, mabasi nayo yana haraka. Kaa nusu mita ndani ya ukingo wa lami, usiugande ukingo wenyewe, ili ubaki na nafasi ya kusogea. Lori likikupita, upepo wake hukusukuma nje kwanza, halafu hukuvuta ndani. Shika usukani imara lakini legeza viwiko. Ukiona lori mbele na ukasikia jingine nyuma, na yatakutania pale ulipo, toka barabarani. Usibishane nayo. Na ukishatoka, usijaribu kurudi ukiwa unaendesha: ukingo wa lami mara nyingi una kidaraja cha sentimita kadhaa, gurudumu la mbele linakwaruzana nacho na unaangukia ndani ya barabara. Simama, inua baiskeli, panda upya.

Matutani inuka kwenye siti, magoti yakiwa yamelegea. Mbuzi mmoja akivuka, funga breki ukisubiri wa pili.

Maji na chakula

Hesabu mililita 750 za maji kwa kila saa ya jua. Beba chupa mbili kubwa, na kila ukipata duka jaza zote. Maji matupu saa sita mfululizo huleta kichwa kuuma na misuli kukaza, kwa hiyo chupa moja iwe na mchanganyiko: lita 1 ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Dafu ni zuri, ila chumvi yake ni kidogo. Lisindikize na kitu chenye chumvi.

Kula kila dakika 40 kabla njaa haijabisha hodi: ndizi mbili, chapati, au muhogo wa kuchemsha. Korosho zipo kila mahali na ni tamu, lakini karibu nusu yake ni mafuta, hukaa tumboni na hazitoi nguvu ya haraka. Zihifadhi kwa jioni.

Mwezi wa Ramadhani mama lishe wengi wa njia hii hufunga vibanda mchana. Beba chakula chako chote na ule kando, si mbele ya watu waliofunga. Na ukitaka maji kwenye nyumba, shuka kwenye baiskeli, vua miwani, piga hodi, "Shikamoo mama." Usiombe ukiwa umekaa kwenye siti.

Kurudi

Ukifika Lindi na miguu bado inadai, panda kivuko uvuke hadi Kitunda, uzungukezunguke, urudi. Kurudi Mtwara tumia basi, maana kusi ileile iliyokuleta sasa iko usoni.

Toa magurudumu yote mawili, yafunge ubavuni mwa fremu kwa mpira, weka kipande cha mti kati ya miguu ya foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) ili isibanwe, na laza baiskeli upande wa gia ukiwa juu. Kibadilisha gia cha nyuma kikipinda hakuna wa kukinyoosha karibu. Kisha simama hapo hapo hadi utingo amalize kupakia, baiskeli iwe ya mwisho kuingia, juu ya magunia.