Kumfundisha mtoto ramani kwa kuanzia njia yake ya kwenda shule

Mwezi uliopita nilikaa na mpwa wangu wa darasa la nne, hapa Nyegezi, jijini Mwanza, aliyekuwa akikariri kwamba ramani ina kichwa, fremu, ufunguo, dira na skeli, lakini nilipomwomba anioneshe kaskazini kutoka kizingitini alinyoosha mkono kuelekea ziwani. Alikuwa na sababu nzuri: katika ramani ya Tanzania iliyobandikwa darasani, Ziwa Victoria liko juu. Kutoka Nyegezi, hata hivyo, maji ya Ghuba ya Mwanza yako magharibi. Nimefundisha maarifa ya jamii kwa miaka mingi, na naamini kwamba mtoto akichora kwanza ardhi anayoikanyaga, mengine yote ya somo hili atayatafuta mwenyewe.

Hatua ya kwanza: chagueni njia. Njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni inatosha.

Hatua ya pili: itembeeni mkihesabu. Mtoto ahesabu hatua zake kwa sauti na kuandika idadi kila anapofika kwenye kitu kisichohama, kama vile mwamba, kisima, msikiti, kanisa au mashine ya kusaga. Asiandike kibanda cha chipsi, kwa kuwa mwakani huenda kisiwepo. Mpwa wangu alipata hatua 600.

Hatua ya tatu: tafuteni kaskazini. Hapa naomba msomaji awe na subira, kwa sababu ndipo nilipopoteza siku nzima, na darasa zima likapotea pamoja nami. Niliwahi kuwafundisha wanafunzi, mwezi wa Juni, kwamba kivuli cha kijiti saa sita mchana huelekea kaskazini, kama nilivyofundishwa mimi. Ramani zote zikatoka zimepinduka. Mwanza iko takribani nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana hupita upande wetu wa kaskazini na kivuli huangukia kusini; miezi iliyobaki huwa kinyume chake. Karibu na siku za mageuzi hayo kivuli cha mchana hukaribia kutoweka kabisa.

Kosa la pili lilikuwa la saa. Majira ya Afrika Mashariki yanafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Mwanza iko karibu na nyuzi 33. Kila nyuzi moja ni dakika nne, hivyo jua letu hufika kilele kwa wastani saa sita na dakika 48, na kwa baadhi ya miezi hutangulia au huchelewa kwa takribani robo saa. Anayepima kivuli saa sita kamili anapima kivuli cha asubuhi.

Wala msitegemee mahali jua linapochomoza. Mwezi wa Juni huchomoza kaskazini ya mashariki na Desemba kusini yake, kwa zaidi ya nyuzi 20 kila upande, na kwa watoto wanaoishi chini ya vilima vya mawe, kama kule Mabatini, huonekana likiwa limekwisha kupanda. Dira ya simu siipendi kwa kazi hii: hupotoshwa na chuma kilicho karibu, na mtoto haelewi ilikopata jibu lake.

Njia ninayoiamini ni hii. Simamisheni kijiti chenye urefu wa sentimita 30 juu ya ardhi kwenye eneo tambarare, na mhakikishe kimenyooka kwa kuning'iniza kando yake uzi wenye kijiwe. Kwa kamba na msumari, chorani mduara wenye nusu kipenyo cha sentimita 30, kijiti kikiwa katikati. Asubuhi kivuli kitakuwa kirefu kupita mduara, kisha kitafupika. Ncha yake itakapogusa mduara, saa nne hivi, wekeni kokoto. Alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi, ncha itaugusa tena ikitoka. Wekeni kokoto ya pili hapo hapo, bila kukadiria. Mstari kutoka kokoto ya kwanza kwenda ya pili unatoka magharibi kwenda mashariki, mwezi wowote. Mtoto akisimama huku mkono wake wa kulia ukielekea kokoto ya pili, anatazama kaskazini. Mawingu yakiziba jua alasiri, rudieni kesho, msibahatishe. Mpwa wangu aliinua macho, akaona ziwa liko kushotoni kwake, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mjomba, kumbe ziwa halikai upande mmoja kwa watu wote."

Hatua ya nne: chorani. Sentimita moja kwa hatua 50 inafaa. Hatua 600 zikawa sentimita 12. Baadaye tulipima kamba ya mita 10, naye akaitembea kwa hatua 18, hivyo akajua mwenyewe kwamba kila sentimita ni karibu mita 28. Tumieni penseli na karatasi isiyo na mistari, hata ya mfuko wa saruji.

Hatua ya tano: ipeni ramani umri. Mtoto apeleke karatasi yake kwa bibi au babu na kuuliza pale palikuwa na nini zamani. Hapo ndipo historia huingia bila kulazimishwa: reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, kivuko cha Kigongo na Busisi, cha kuvukia Ghuba ya Mwanza, ambacho watu walikisubiri hadi daraja la kilometa tatu lilipofunguliwa Juni 2025, na Speke, mpelelezi Mwingereza aliyefika mwaka 1858 na kulipa jina la malkia wa Uingereza ziwa ambalo wenyeji walikwisha kuliita Nyanza. Muulizeni mtoto ni nani mwenye haki ya kutoa jina, kisha mwacheni abishane na babu yake.

Kila jambo alilosimuliwa aliandike pembeni mwa ramani kwa rangi nyingine, pamoja na jina la aliyelisimulia, ili bibi akisema kisima kilikuwa juu ya kilima na babu akisema kilikuwa bondeni, maelezo yote mawili yabaki mpaka waende kukitafuta pamoja.