Jinsi ya kupata kikundi cha kuacha pombe Mwanza na kuhudhuria kikao chako cha kwanza

Naandika kwa mtu anayetaka kuacha pombe, awe mjini Mwanza au visiwani, asiyejua aanzie wapi. Mimi niliacha, na sasa kazi yangu kikundini ni kupokea wageni. Kila anayenipigia simu namwambia jambo moja: usisubiri uache kwanza ndipo uje. Njoo ungali unakunywa. Kikundini ndiko tunakojifunzia kuacha.

Hatua ya 1: Pita hospitali kwanza, kama unakunywa kila siku

Kama asubuhi huwezi kuanza kazi bila kuzimua, mikono inatetemeka na jasho linakutoka, usijifungie chumbani ukaacha ghafla. Mwili uliozoea pombe nyingi ukikatiwa mara moja unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Wengine, kati ya siku ya pili na ya nne, huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hii huua watu, na dawa zake zipo. Nenda Bugando au Sekou Toure, umweleze daktari ukweli: unakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Kama ni gongo, sema gongo. Ukipunguza kiasi kwa aibu, daktari naye atakupangia dawa pungufu.

Hatua ya 2: Tafuta kikundi

Ukiwa hapo hospitalini, ulizia kliniki ya afya ya akili na uwaombe wakuelekeze. Mwulize pia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, Nyamagana au Ilemela. Nyumba za upataji nafuu (soba house), wanakokaa watu wanaoacha pombe au dawa za kulevya, nazo ni pa kuuliza, kwa sababu nyingi hufuata hatua 12 za AA, yaani Alcoholics Anonymous, ushirika ulioanza Marekani mwaka 1935. Mwenye simu yenye intaneti anaweza pia kuingia vikao vya AA kwa Zoom.

Ukipata namba, piga kabla ya kwenda, maana ratiba hubadilika. Uliza siku, saa, jengo na mlango, usije ukalazimika kumuulizia kila unayemkuta. Uliza pia kama kikao ni cha watu wote, ambacho hata mke au ndugu anaweza kuhudhuria, au ni cha wenye tatizo la pombe peke yao.

Hatua ya 3: Hofu ya kuonekana

Hapa ndipo wengi wanaporudia njiani. Mwanza ni jiji, lakini shuka daladala Buzuruga uone kama hutaitwa jina. Basi, kama unakaa Igoma na umesikia kuna kikao upande wa Nyegezi, nenda huko. Ukikuta mtu wa mtaani kwenu, yeye pia amefuata kilichokuleta wewe. Jina la kwanza linatosha. Kama mtaani wanakuita Baba Fulani au Mwalimu Fulani, liache hilo nje, kwa kuwa ndilo linalokutambulisha. Unayemwona na unayoyasikia mle hayatoki.

Ukumbi ukiwa wa kanisa, Mwislamu asisite. AA haiko chini ya dini yoyote, na kila mtu anamtaja Mungu kama anavyomfahamu yeye.

Hatua ya 4: Ndani ya kikao

Kikao huchukua kama saa moja au moja na nusu. Hakuna kiingilio. Kofia au kikapu kikipita, anayeweza hutoa chochote, na mgeni hadaiwi. Sharti la uanachama ni moja tu: kutaka kuacha kunywa.

Mmoja mmoja anasema jina lake na yanayomsibu. Akimaliza, hakuna anayemjibu, kumshauri wala kumkemea. Sisi tuliozoea kuitwa kwenye kikao cha ukoo na kuhukumiwa mbele ya wajomba na shangazi, jambo hili linatushangaza mara ya kwanza. Nimeona watu wazima wakilia kwa sababu tu walisema yote wakasikilizwa mpaka mwisho. Ikifika zamu yako nawe hauko tayari, sema, "Naomba leo nisikilize." Watakushukuru na kuendelea. Hata kama siku hiyo umekunywa, unaruhusiwa kukaa. Sikiliza tu kwa utulivu.

Hatua ya 5: Usikimbie kikao kikiisha

Omba namba za simu mbili au tatu, mwanamume kwa wanaume, mwanamke kwa wanawake. Hizo ni za kupiga kabla hujanywa, hasa siku ya mshahara. Kama njia ya nyumbani inapita baa yako, panda bodaboda kwa njia nyingine. Rudi wiki ijayo hata kama kikao cha kwanza hakikukuingia, na ujaribu kikundi kingine pia.

Kama uko kisiwani na hakuna kikundi

Kwa utaratibu wa AA, watu wawili au watatu wanaokutana ili waache pombe wanaweza kujiita kikundi. Ukerewe au kwenye kambi ya wavuvi, mpate mwenzako mmoja mwenye nia, mpange siku na mahali mbali na vilabu vya pombe. Kwa wavuvi wa dagaa, msipange kwa siku za wiki peke yake. Usiku wa giza mko ziwani na taa. Mbalamwezi ikijaa mitumbwi inapumzika, fedha ziko mfukoni na kazi hakuna. Siku hizo kutaneni kila jioni.