Kampuni imebadili sera ya kiinua mgongo? Anza hapa kabla hujasaini

Karatasi ikisema kiinua mgongo sasa kitalipwa "kwa mujibu wa sheria", isome mara mbili. Katika miaka yangu ya uongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, maneno hayo karibu kila mara yamemaanisha kwamba kimepunguzwa.

1. Jua kiwango cha chini. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinatoa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Lazima uwe umetimiza miezi 12 mfululizo kazini. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati.

2. Tafuta ulichoahidiwa. Fungua barua ya ajira, kanuni za utumishi na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Kiwango kikiwa ndani ya mkataba wa hali bora, mwajiri arudi mezani na chama. Kikiwa kwenye mkataba wako, kifungu cha 15 kinamtaka ashauriane nawe na kukujulisha mabadiliko kwa maandishi. Kikiwa kwenye sera tu, tena sera inayosema inaweza kubadilishwa wakati wowote, hoja yako ni dhaifu zaidi. Ni bora ulijue hilo mapema.

3. Piga hesabu. Chukua mshahara wa msingi wa 780,000, miaka 9, siku 6 za kazi kwa wiki. Gawanya kwa 26, siku za kazi kwa mwezi, unapata 30,000 kwa siku. Mara 7, mara 9: shilingi 1,890,000. Kama sera ya zamani ilitoa mshahara wa mwezi kwa kila mwaka, ungepata 7,020,000. Hiyo tofauti ndiyo unayoombwa uiache kwa saini moja.

4. Andika "Nimepokea, sijakubali", weka tarehe, baki na nakala. Kisha peleka barua ya kupinga. Ukinyamaza miezi na miezi, mwajiri atadai uliridhia.

5. Hesabu siku. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60. Wa kuachishwa, siku 30. Jaza fomu CMA F.1, mpe mwajiri nakala kwanza.

Na kama fununu za kupunguza wafanyakazi zimeanza, mwambieni katibu wa tawi leo: kifungu cha 38 kinamlazimu mwajiri kushauriana nanyi pia kuhusu kiasi cha kiinua mgongo chenyewe.